Kazi za kompyuta kutoka ng'ambo: mwenye kazi ni nani?

Katika gereji za Buyenzi kuna swali ambalo fundi mzoefu hulitanguliza kabla hajafungua boneti. Gari likiletwa na dereva, fundi huuliza: mwenye gari ni nani? Dereva anaweza kuwa mtu mwema, na anaweza kuahidi kwamba malipo yatapatikana jioni. Hata hivyo, fundi anajua kwamba siku mambo yakiharibika, anayepaswa kulipa ni mwenye mali aliyeko Kiriri au Rohero, na asipomjua mapema, huenda asimpate baadaye.

Swali hilo la gereji ndilo linalofaa kuulizwa leo na vijana wa Bujumbura wanaotafuta kazi za kompyuta kutoka ng'ambo. Kampuni za Ulaya na Marekani zimezoea kukodi watu walio mbali ili wawaandikie programu, wajibu wateja wao kwa simu, wachuje maudhui ya mitandao ya kijamii, au waweke alama kwenye picha na maandishi ili akili mnemba ijifunze. Mfanyakazi hahitaji viza wala tiketi ya ndege. Mwili unabaki mtaani kwake, na kazi inavuka bahari kwa mkongo wa mawasiliano. Lakini mara nyingi anayemletea kazi hiyo siye mwenye kazi. Katikati kuna mkandarasi, na wakati mwingine mkandarasi mwingine chini yake. Tatizo likitokea, kila mmoja humnyooshea kidole mwenzake.

Jambo hili si la kubuni. Limekwisha kutokea karibu nasi, jijini Nairobi, na mahakama za Kenya zimelishughulikia kwa miaka kadhaa. Kwa kuwa Burundi ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu Julai 2007, na kwa kuwa vijana wetu wanatamani kazi zilezile, yaliyotokea Nairobi yanatuhusu moja kwa moja.

Mnyororo wa Nairobi

Mwaka 2019, kazi ya kuchuja maudhui ya Facebook kwa ajili ya sehemu kubwa ya Afrika ilianza kufanyika Nairobi. Kampuni mama ya Facebook, inayoitwa Meta tangu mwaka 2021, haikuwaajiri wachujaji hao yenyewe. Iliikabidhi kazi kampuni ya Sama yenye makao makuu California, nayo Sama ikaajiri vijana kutoka Kenya na nchi nyingine za Afrika, kwa kuwa kila lugha ilihitaji watu wake. Kazi yao ilikuwa kutazama video, picha na maandishi yaliyolalamikiwa na watumiaji, na kuamua kipi kibaki na kipi kiondolewe. Katika maudhui hayo mlikuwamo mauaji, ukatili dhidi ya watoto na watu wanaojiua.

Miongoni mwa walioajiriwa alikuwamo Daniel Motaung, raia wa Afrika Kusini. Aliongoza juhudi za wenzake za kuunda chama cha kutetea maslahi yao, akafukuzwa kazi. Februari 2022 jarida la Time la Marekani lilichapisha uchunguzi kuhusu mazingira ya kazi hiyo, likieleza kwamba baadhi ya wachujaji walikuwa wakipata kiasi kidogo cha dola 1.50 kwa saa. Mwezi Mei mwaka huohuo Motaung aliwashitaki Meta na Sama mbele ya mahakama ya Nairobi. Kampuni zote mbili zilipinga madai yake.

Januari 2023 Sama ilitangaza kwamba inaachana na kazi ya kuchuja maudhui, na wafanyakazi wapatao 260 wakaambiwa kwamba nafasi zao zinafutwa. Meta ilikabidhi kazi hiyo kwa mkandarasi mwingine, Majorel, kampuni ya Luxembourg. Wachujaji zaidi ya 180 walikwenda mahakamani wakidai kwamba walifutwa kinyume cha sheria na kwamba mkandarasi mpya alikuwa akiwakwepa kwa sababu tu waliwahi kufanya kazi Sama.

Hapo ndipo swali la mwenye kazi lilipojitokeza waziwazi. Meta ilijibu kwamba haina ofisi wala biashara nchini Kenya, kwamba wafanyakazi hao si wake, na kwa hiyo mahakama za Kenya hazina mamlaka juu yake. Kwa maneno mengine, mwenye gari alisema: mimi sikukuita, mdai dereva.

Februari 2023 Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi ya Nairobi iliikataa hoja hiyo na kuamua kwamba Meta inaweza kushitakiwa nchini Kenya. Katika kesi ya wale waliofutwa kazi, jaji aliona mwezi Juni mwaka huo kwamba, kwa ushahidi wa awali, Meta ndiye mwajiri wa msingi, kwani kazi ilikuwa yake na vifaa vya kidijitali vilivyotumika vilikuwa vyake. Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa nayo ilitupilia mbali rufaa za Meta. Uamuzi huo haukusema ni nani mwenye haki katika madai yenyewe. Ulichofanya ni kuufungua mlango wa mahakama, jambo ambalo hadi wakati huo wafanyakazi wa aina hiyo katika nchi maskini hawakuwa wamezoea kuliona.

Mwezi Desemba 2024 ilifahamika kwamba daktari bingwa wa magonjwa ya akili aliyewapima wachujaji katika kesi hiyo alikuta zaidi ya 140 kati yao wakiugua kiwewe kinachowapata watu walioshuhudia maafa makubwa. Maradhi hayo hayaishi siku mkataba unapoisha. Mtu hurudi nayo nyumbani, akalala nayo na kuamka nayo, na gharama ya matibabu hubaki kwa familia yake.

Bei inavyopungua njiani

Ili kuelewa kwa nini kampuni hupenda kukodi badala ya kuajiri, inafaa kufuata safari ya fedha. Januari 2023 jarida la Time lilieleza kuhusu kazi nyingine ya Sama, ya kuainisha maandishi yenye matusi na ukatili ili kampuni ya OpenAI, iliyotengeneza ChatGPT, iifunze mashine yake kuyatambua. Mkataba ulitaja malipo ya dola 12.50 kwa saa kutoka kwa OpenAI. Wafanyakazi wa Nairobi walipokea mkononi kati ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa, kulingana na cheo na utendaji. Hata aliyelipwa zaidi hakufikia sehemu moja kati ya sita ya bei ya kazi yake.

Sama ilijitetea kwamba dola 12.50 zilikuwa zinagharimia kila kitu, pamoja na miundombinu na mishahara ya wasimamizi. Hoja hiyo haifai kupuuzwa. Ofisi, umeme, intaneti na kodi vina gharama, na mkandarasi ndiye anayebeba hatari ya mteja kuondoka ghafla. Hata hivyo, anayekaa mbele ya kompyuta kwa kawaida haoni mkataba wa juu. Hajui bei ya jasho lake mlangoni mwa mteja, kwa hiyo hawezi kupatana. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na katika mnyororo huu daftari liko mikononi mwa wengine.

Zipo sababu nyingine za kukodi mbali. Mteja hupata watu kazi inapokuwa nyingi na kuwaacha inapopungua, bila kulipa kiinua mgongo. Halazimiki kuwaandikisha katika mfuko wa hifadhi ya jamii wala kuwatibu. Na kashfa ikitokea, anaweza kusema kwamba ni mambo ya mkandarasi. Mbali na unafuu wa bei, mkataba wa aina hii humpa mteja umbali kati yake na lawama.

Hofu ya kufukuza mteja

Wapo wanaosema kwamba kuwabana wateja wa ng'ambo ni kujikata mkono tunaolia. Nchini Kenya hoja hiyo imefika hadi bungeni. Mwaka 2024 mswada wa kurekebisha sheria za biashara ulifikishwa Seneti, ukiwa na kifungu kinachokusudia kwamba kampuni ya hapa inayopokea kazi za nje ndiyo itakayowajibika kwa wafanyakazi wake, na mteja aliyeileta kazi asishitakiwe. Waungaji mkono walisema vijana wanahitaji ajira na kesi zinawatisha wawekezaji. Wapinzani walisema ulinzi huo unamfaa yule mwenye nguvu peke yake.

Hofu yenyewe si ya bure. Mwezi Machi 2024 jukwaa la Remotasks, lililo chini ya kampuni ya Marekani ya Scale AI, lilifunga huduma zake nchini Kenya bila onyo la maana. Waliokuwa wakiishi kwa vibarua vya kuweka alama kwenye picha walikuta akaunti zao hazifunguki. Hata kazi bora zaidi hazina hakikisho. Andela, kampuni iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa lengo la kuwafunza waandishi wa programu wa Kiafrika na kuwakodisha kwa kampuni za nje, ilisifiwa sana, lakini Septemba 2019 iliwaachisha kazi vijana wapatao 400 nchini Nigeria, Kenya na Uganda, kwa sababu wateja walitaka wenye uzoefu zaidi.

Lakini tukiutazama mfano wa Remotasks kwa makini, tunaona kwamba kukosa sheria hakukuwaokoa wale vijana. Waliachwa bila notisi kwa sababu hawakuwa na mkataba wa kuwalinda. Mteja aliyekuja kwa sababu kazi ni rahisi na haina masharti ataondoka akipata rahisi zaidi, iwe tumemwekea masharti au hatukumwekea.

Historia ya India inaonyesha njia nyingine. Infosys, iliyoanzishwa mwaka 1981 na wahandisi saba, ilianza kwa kuandika programu kwa ajili ya wateja wa nje, na mwishoni mwa miaka ya 1990 kampuni za India zilipata kazi nyingi za kurekebisha kompyuta za dunia kabla ya mwaka 2000. Kazi zilitoka ng'ambo, lakini aliyetia saini mkataba alikuwa nyumbani, alijua bei, na ujuzi ulibaki ndani ya nchi. Kukodiwa na wageni hakukuwa aibu wala balaa. Tofauti ilitokana na nani aliyeshika daftari.

Bujumbura imesimama wapi?

Burundi haina bahari, na kwa miaka mingi mawasiliano yake na dunia yalitegemea setilaiti, kwa bei ya juu. Nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS mwaka 2009, kisha EASSy mwaka 2010, zilipofika pwani ya Afrika Mashariki, ndipo mkongo wa taifa ulipopata pa kuunganishwa kupitia nchi jirani. Leo kijana wa Buyenzi, Bwiza au Kinama anaweza kutuma kazi London ndani ya sekunde chache, umeme ukiwapo.

Tuna mtaji ambao wengi hawauhesabu, nao ni lugha. Mkazi wa kawaida wa mitaa yetu husema Kirundi nyumbani, Kiswahili sokoni Ruvumera, Kifaransa shuleni na ofisini, na vijana wanaongeza Kiingereza, ambacho ni lugha rasmi tangu mwaka 2014. Mashine za akili mnemba zinahitaji watu wanaojua lugha hizi kwa undani, wanaotambua kwamba neno fulani ni utani kwa mmoja na ni tusi kwa mwingine. Kinyarwanda, ndugu wa Kirundi, tayari kina zaidi ya saa 2,000 za sauti zilizorekodiwa na watu wa kujitolea katika mradi wa Common Voice wa shirika la Mozilla. Basi si ajabu wanunuzi wa sauti na maneno wakibisha hodi hata kwetu.

Vikwazo navyo vinajulikana. Ni sehemu ndogo tu ya Warundi iliyounganishwa na umeme, hata baada ya bwawa la Rusumo la megawati 80, tunalochangia na Tanzania na Rwanda, kuanza kuzalisha. Mwezi Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika baharini na intaneti ikadorora katika nchi kadhaa za kanda hii. Anayelipwa kwa kila kipande cha kazi hupoteza kipato siku hiyo, ingawa kosa si lake. Tena kuna suala la sarafu: kazi ikipatanwa kwa dola na kulipwa kwa faranga, kiwango cha kubadilishia ndicho kitakachoamua kama mshahara unatosha kodi ya nyumba au hautoshi. Mkataba usiotaja mambo haya umemwachia mfanyakazi hatari zote.

Kwa upande wa sheria, Burundi haianzi mikono mitupu. Kanuni ya Kazi iliyofanyiwa marekebisho Novemba 2020 inamtambua mfanyakazi kwa kigezo cha utii, yaani mtu anayetoa kazi yake kwa malipo chini ya uongozi na mamlaka ya mwingine. Kigezo hicho ni cha maana sana hapa. Mtu anaweza kuitwa mkandarasi huru katika karatasi, lakini kama saa zake zinapangwa na mwingine, kompyuta yake inafuatiliwa na mwingine, na hawezi kukataa kazi bila kuadhibiwa, uhuru huo ni wa jina tu. Majaji wa Nairobi walitazama mambo hayo hayo: nani anaongoza kazi, kwa vifaa vya nani.

Tuliyojifunza kutoka Uarabuni

Wakazi wa mitaa ya Waswahili ya Bujumbura hawahitaji kuelezwa hatari ya wakala. Familia nyingi zina binti, dada au shangazi aliyekwenda Omani au Saudia kufanya kazi za ndani. Kwa miaka kadhaa safari hizo zilipita kwa mawakala wa siri. Aliyepatwa na dhuluma hakujua amlalamikie nani: wakala wa Bujumbura alisema ni mambo ya wakala wa kule, na wakala wa kule alisema ni mambo ya mwenye nyumba.

Oktoba 2021 serikali ya Burundi na ile ya Saudi Arabia zilitia saini makubaliano kuhusu ajira ya Warundi nchini humo. Matatizo hayakwisha siku hiyo, lakini kanuni moja muhimu ilisimama: kazi ya Mrundi iliyo mikononi mwa mgeni inahitaji mkataba unaojulikana na dola, wakala anayejulikana, na mahali pa kulalamika. Hakuna sababu ya kanuni hiyo kumlinda anayepanda ndege na kumwacha anayeuza jasho lake akiwa kitini kwake Buyenzi.

Kutokana na hayo, mambo matatu yanafaa kuzingatiwa kabla wimbi la kazi hizi halijawa kubwa. La kwanza ni kwamba kila kampuni ya hapa inayopokea kazi za kompyuta kutoka nje iwataje wateja wake kwa mkaguzi wa kazi, na mkataba useme wazi kwamba mteja na mkandarasi wote wawili wanawajibika kwa mshahara na afya ya mfanyakazi. La pili, mfanyakazi wa aina hii aandikishwe katika Taasisi ya Taifa ya Hifadhi ya Jamii, INSS, kama mwajiriwa mwingine yeyote. La tatu ni la kikanda. Kenya ikikaza na Burundi ikilegeza, au kinyume chake, mteja atahamia penye ulegevu. Nchi za Jumuiya, ambazo soko lao la pamoja lilianza Julai 2010, zina kila sababu ya kuwa na masharti yanayolingana, ili zishindane kwa ujuzi na lugha badala ya kushindana kwa unyonge.

Vijana wenyewe wana la kufanya hata kabla sheria haijabadilika. Kabla ya kutia saini, ni haki yao kuuliza: jina la mteja wa mwisho ni lipi? Nitalipwa kwa sarafu gani, kwa kiwango gani, na siku gani? Umeme au mtandao ukikatika, saa hizo ni za nani? Nitaonyeshwa maudhui ya aina gani, na nikiugua kwa sababu ya kazi, nani atanitibu? Mgogoro ukitokea, utasikilizwa na mahakama ya nchi gani? Hati ya kutunza siri isiwazuie kujibiwa maswali hayo, wala kuzungumza na wenzao kuhusu mishahara yao. Tarehe 1 Mei 2023, zaidi ya wafanyakazi 150 wa kazi hizi walikutana Nairobi na kuazimia kuunda chama chao. Walifanya hivyo baada ya wengi wao kukwisha kuumia. Wetu wanayo nafasi ya kuanza mapema.

Dira ya taifa inasema Burundi iwe nchi inayoinukia ifikapo mwaka 2040 na iliyoendelea ifikapo 2060. Kazi za kompyuta kutoka ng'ambo zinaweza kuchangia safari hiyo, kwani zinaleta fedha za kigeni bila kuhitaji bandari, na zinamwezesha kijana kujenga maisha bila kuihama familia yake. Mgeni mwenye kazi ya halali anastahili kukaribishwa. Lakini fundi wa Buyenzi hakosi wateja kwa sababu ya kuuliza mwenye gari ni nani. Anayemiliki gari kwa haki hutaja jina lake, hupatana bei, na hurudi tena siku nyingine.